Kidole Chini ya Kidevu

Tororo, Jumatatu, 30 Januari 1956

Mama Athieno mpendwa,

Kwanza nisamehe kwa karatasi hizi zenye chati za homa upande wa pili, ndizo nilizozipata hapa wodini, na pili nisamehe nikizungukazunguka, kwa sababu kila nikitaka kulisema jambo lenyewe macho yangu yanakwenda dirishani, na huko nje malori ya pamba yanapita kwenda kinuni, na nyuzi za pamba zinaingia humu ndani na kuelea juu ya vitanda, taratibu, hazitaki kutua, mpaka mtu anasahau alikuwa anafikiri nini. Nimekwama, Mama. Wenzangu nikiwaambia watanicheka, mwalimu wangu nikimwambia atanifukuza, na baba yangu sikumwambia lakini nadhani ameshajua.

Mimi ni Msamia wa Sikuda, umri wangu ni miaka ishirini na tatu, na ni mmoja wa wanafunzi watano wa udaktari wa meno tulioletwa huku mpakani, katika hospitali ambayo sitaitaja, kujifunza upasuaji wa kinywa na mataya. Tuliletwa huku kwa sababu huku mataya yanavunjika kweli, kuna baiskeli zisizo na breki zinazotoka Busia na magunia, kuna mashimo ya dhahabu ya Tiira ambako mpini wa kuvutia ndoo ukiponyoka unampiga mtu kidevuni, na kuna malori. Mwalimu wetu ni Mgoa, Daktari Pinto, mtu mfupi mwenye mikono midogo, Kiswahili chake ni cha kuokoteza lakini akishika koleo unatamani asimalize. Miezi mitatu ya kwanza hatukumgusa mtu, tulifunga waya vichwa vya mbuzi kutoka kwa mchinjaji, na mbuzi hana meno ya juu ya mbele, kwa hiyo mwenzetu Obbo akawa anasema tunasomea kutibu mabibi wazee, na mimi nilizipenda sana asubuhi zile, waya mwembamba unaupitisha nyuma ya jino, unaurudisha mbele, unausokota kuelekea kulia, polepole, mpaka unasikia vidoleni kwamba umekaza, na ukizidisha nusu duara tu unakatika. Nilikuwa nikisokota hata usingizini.

Sheria ya kwanza ya Daktari Pinto ni kuhesabu. "Hapana hesabu, hapana shika waya!" ndivyo anavyotupigia kelele. Kabla ya kugusa taya unahesabu meno kwa sauti, moja moja, na jino ambalo halipo ni lazima ujue liko wapi, kama limebaki barabarani, au limemezwa, au limeingia mapafuni ambako litaleta usaha, na tena jino liking'oka kwa kishindo mara nyingi mfupa ulioshika mizizi yake nao umepasuka, kwa hiyo penye pengo ndipo pa kupapasa kwanza. Lakini wewe ni mtu wa huku, unajua, nusu ya wagonjwa wetu hawana meno manne ya mbele ya chini, waling'olewa ujanani kwa mila, mimi mwenyewe sina, na aliyening'oa ni baba yangu Mangeni, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa meno wa Sikuda nzima, na kichuma chake bapa bado kimening'inia ukutani nyumbani. Sasa kwa kuwa mapengo hayo yalikuwa mengi mno, sisi wanafunzi tulijitungia njia ya mkato, tukikuta pengo la chini tunaandika M kwenye kadi, yaani mila, tunaendelea na meno mengine, na Daktari alipouliza M ni nini tukamweleza, akacheka akasema, "Sawa. Hii watu yenu, nyinyi najua."

Alhamisi ya tarehe kumi na mbili mwezi huu lori la pamba lilipinduka njia ya Busia, wakaletwa watu saba kwa mara moja, na Daktari Pinto akawa mezani na dereva ambaye uso wake wote ulikuwa umeingia ndani, akaniambia bila kugeuka, "Ile msichana ni yako." Alikuwa amezimia. Aliyemleta alisema alipandia lori njia panda ya Sikuda, na jina lake Aidah, na kwetu kina Aidah wako wengi, wa kanisani na wa msikitini, nami sikuuliza zaidi. Uso ulikuwa umevimba, kidevu kilikuwa kimegonga ukingo wa chuma wa lori, nikaosha damu, nikamfungua kinywa, nikaliona lile pengo la chini. Mama, nitakuambia kweli, nilifurahi. Kilikuwa kinywa cha nyumbani, kinywa cha mama yangu na shangazi zangu wanapocheka wakipura wimbi, na katikati ya kelele zile zote mimi nikasikia kimya kama niko Sikuda saa nne za asubuhi, jua likiwa uani, na nikiwa katika kimya hicho nikaandika M.

Sikuhesabu. Ufizi ulikuwa umechanika nikadhani ni ule ukingo wa chuma uliochana, nikaushona. Eksirei tulipiga ya upande tu kwa sababu watu walikuwa wanapanga foleni, ikaonyesha ufa nyuma, chini ya sikio la kushoto, nami nikafunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya kama tulivyofundishwa, wiki sita asifungue kinywa. Daktari Pinto alikuja jioni, akavuta shavu pembeni, akaangalia masokoto yangu moja moja, akasema, "Hii ni kazi ya mtu mzima." Kisha akasema waya hizo nitazifungua mwenyewe tarehe ishirini na tatu Februari mbele ya madaktari watakaokuja kutoka Kampala kututahini, na Aidah ndiye atakuwa mtihani wangu.

Tangu hapo, Mama, mimi nimekuwa mtu anayeishi ndani ya ukungu mwema. Kila asubuhi namsafisha waya kwa maji ya chumvi, namnywesha uji mwepesi kwa mpira unaopita pale pale kwenye pengo, na yeye amekatazwa kusema mpaka wiki ya nne ili mfupa utulie, kwa hiyo hatujasemezana hata neno moja na bado naona tumezungumza mengi. Ana macho makubwa yasiyo na haraka. Siku ya nne alinishika kidole hiki cha shahada, akakiweka chini ya kidevu chake, katikati, akakibonyeza, huku ananiangalia, na akaimba kwa puani, sauti ndefu inayopanda na kushuka, na machozi yakamlengalenga, nami nikajua kwamba ananikubali. Nilitabasamu nikambonyeza kidogo kumjibu. Alifanya hivyo tena siku ya tano, na ya sita, na ya saba, kila asubuhi, pale pale. Mchana nikisinzia kwenye benchi la nje naota niko ndani ya nyumba kubwa nyekundu yenye mabenchi meupe pande zote, naambiwa niyahesabu, nahesabu vizuri lakini nikifika mbele nakuta mabenchi manne hayapo, na mtu ambaye simwoni anaimba wimbo ule ule wa puani, na mimi namwambia ngoja, ngoja nianze tena.

Jumamosi ya tarehe ishirini na moja akaja kaka yake, Badiru, mtu wa Busia, mwenye kofia ya darizi, anayesafirisha mizigo ya maduka. Nikajua hapo kwamba ni watu wa mjini, Waislamu, wasiong'oa meno kwa mila, na kwamba Aidah alikuwa Sikuda kununua kuku wa arusi tu. Alisimama muda mrefu miguuni pa kitanda, kisha akanivuta pembeni.

"Daktari, mimi nashukuru. Mungu akulipe. Lakini nauliza tu. Dada yangu ilitoka nyumbani na meno yote. Hii ya chini imekwenda wapi?"

Mama Athieno, ardhi haikupasuka. Nilisikia sauti yangu ikisema kwamba meno yale yalikuwa yamelegea sana na sisi tuliyatoa ili kumwokoa. Akaniamini. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniachia ndizi kichana kizima, akarudi kwenye malori yake. Alipoondoka nilimvuta Aidah mdomo wa chini nikaangalia kweli kwa mara ya kwanza, nikaona mstari wa meno upande wa kushoto umeinama kuelekea kwenye ulimi, kidogo tu, lakini umeinama, maana yake taya limevunjika na mbele pia, pale pale penye pengo, na mimi nimefunga nyuma nikaacha mbele, na linaungana hivyo hivyo lilivyo, likiwa kombo.

Jumapili jana nilikwenda nyumbani. Nilimsimulia baba kisa hiki kana kwamba ni cha mwanafunzi mwenzangu. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa Kisamia, "Hakupapasa ufizi?" Nikasema sijui. Akasema ufizi wa mila ni mgumu kama kisigino, umekwisha kusahau, na ufizi uliong'olewa leo ni laini na unatetemeka, hata gizani mtu anajua, hata yeye ambaye hakusoma. Akachonga kidogo tena. Kisha akaniuliza, "Huyo mwenzako anaitwa nani?" na mimi nikasema naona basi litaniacha.

Sasa nisaidie. Nikimwambia Daktari Pinto atanitoa darasani, kwa sababu ya kutohesabu na zaidi kwa sababu ya uwongo niliomwambia kaka mtu, nami ni wa kwanza kijijini kwetu kufika hapa. Nikinyamaza labda mfupa wa kijana utajinyoosha wenyewe, nimesikia mifupa ya vijana ina akili zake, na labda madaktari wa Kampala hawataona, na labda yeye mwenyewe atanisamehe kwa vile tunavyopendana. Siku mbili hizi amekuwa ananigeuzia mgongo, analala ameelekea ukutani, hanishiki tena kidole, nadhani ni haya ya kike maana wagonjwa wengine wameanza kutuangalia. Niseme, au ningoje waya zifunguliwe nione? Na je, nimtumie mshenga Badiru kabla ya mtihani au baada?

Nyuzi za pamba zimetua kwenye karatasi, usishangae ukizikuta.

Ni mimi,
Anayehesabu Usingizini


MAMA ATHIENO ANAJIBU

Mwanangu,

Majina ya watu nimeyabadili yote. Meno nimeyaacha kama yalivyo.

Barua yako ilinifikia Alhamisi asubuhi, pamba ikiwamo. Mara ya kwanza niliisoma nimeketi na chai yangu, mara ya pili niliisoma nimesimama natafuta viatu. Jina la hospitali yako limechapwa kwenye chati za homa, kwa hiyo nilikwenda posta nikakupigia huko, kwa mwanafunzi wa meno wa Sikuda, telegramu ya maneno matatu, MWAMBIE DAKTARI LEO, na kama uliitii basi haya unayoyasoma gazetini Jumamosi ni habari iliyopoa, wape wenzako wasome. Lakini nimekujua kidogo kwa kurasa zako nane, na naogopa telegramu umeiweka mfukoni ukaenda dirishani kutazama malori. Kwa hiyo nakaa naandika.

Nianze na lile ninaloweza kukusamehe. Mimi pia ni mtu wa pengo. Yangu yalitolewa Nagongera mwaka ambao nzige walikuja, na mpaka leo nikikutana na mzee asiye na meno ya chini sokoni namwamkia kabla sijajua ni nani. Najua ulichokiona ulipofungua kinywa kile. Kulikuwa na watu saba, damu, kelele, mwalimu ana mikono miwili tu, na wewe ukaona nyumbani ukapumua. Kosa hilo lingeweza kumpata kijana yeyote wa kwetu aliyelelewa vizuri, na lisingempata mgeni hata siku moja, kwa sababu mgeni angeshangaa na angehesabu. Hilo la Alhamisi ulie nalo kidogo, kisha uliache.

La Jumamosi silisamehe mimi, sina haki hiyo. Mtu amekuja kutoka Busia, amekuheshimu, amekuita daktari, amekuuliza swali la haki kwa adabu, na wewe ukampa uwongo akakupa ndizi. Ulizila? Hukuniambia. Nadhani ulizila.

Na baada ya hapo umefanya nini? Jumapili moja imepita, Jumapili ya pili ukaenda kumpima baba yako kwa hadithi ya mwenzako asiye na jina, Jumatatu ukaniandikia mimi. Siku tisa, mwanangu! Mimi kazi yangu ni wake wenza, wakwe wakorofi na vijana waliosingiziwa mimba, watu hao barua ikichelewa wiki moja hawapungukiwi kitu. Taya linapungukiwa. Nilimuuliza daktari mmoja wa meno hapa mjini, sikumtaja mtu, akaniambia mfupa wa wiki ya tatu ni kama ugali uliotoka jikoni sasa hivi, bado unakubali mkono, unaweza kurudishwa mahali pake kwa dawa ya usingizi na vidole vya mtu anayejua. Wiki ya sita hautakubali. Hapo itabidi kuuvunja upya. Na ile habari yako ya mifupa yenye akili zake, alicheka mpaka akavua miwani. Wewe ulinitumia barua siku ya kumi na nane. Ilipofika ilikuwa siku ya ishirini na moja. Unaelewa sasa kwa nini nilikuwa natafuta viatu.

Unaogopa kufukuzwa. Huenda ukafukuzwa, sitakudanganya, mimi simjui Mgoa wako. Lakini nimesoma ulivyomweleza, na mtu anayeangalia sokoto moja moja jioni ya siku kama ile si mtu wa kufukuza mwanafunzi aliyekuja mwenyewe na kosa lake mkononi. Naye pia ana lake la kujibu, alicheka M yenu ikapita, na nina hakika akilisikia jambo hili atalikumbuka hilo kabla yako. Na hata akikufukuza, utarudi Sikuda ukiwa kijana aliyekosea akasema. Ukingoja tarehe ishirini na tatu, hao wakubwa wa Kampala watafungua kinywa kile mbele ya wenzako, nao watahesabu. Kuhesabu ndiko kunakowaleta. Kadi yako itakuwa mezani na M yako juu yake.

Ndoto yako wala haihitaji mtu wa kuitabiri. Unahesabu umelala kwa sababu hukuhesabu ukiwa macho.

Sasa mapenzi, maana umeyachanganya humo kama sukari kwenye mchuzi. Unampenda msichana ambaye hujasikia sauti yake. Ni rahisi hivyo, hakupingi, hakuulizi, hachoki nawe, kila anachokifikiri umekifikiri wewe kwa niaba yake. Umeniandikia macho yake, umeniandikia uji wake, na katika kurasa zote nane hukuandika kama anajua kusoma. Watoto wa mjini Busia wengi wamepita chuo cha Kurani na wengine shuleni. Hukumpa hata kibao na chaki! Wiki tatu mtu amefungwa kinywa na wewe ndiye uliyekifunga, na haikukujia kumuuliza kitu ambacho angeweza kukujibu. Habari za mshenga ziondoe kabisa. Asije mtu yeyote wa kwenu kwa Badiru kabla yako mwenyewe, na wewe ukienda huendi kuposa.

Rudi kwenye barua yako mahali uliposema unaishi katika ukungu mwema. Nataka usome kama vile imeandikwa na Obbo, au na mtu usiyempenda. Mgonjwa ana taya lililovunjika katikati, mbele. Siku ya nne, uvimbe umeanza kushuka na akili zimemrudia, anamshika kidole daktari wake, anakiweka chini ya kidevu, katikati, anakibonyeza mahali pamoja, anamwangalia usoni, na machozi yanamtoka. Mtu aliyefungwa mdomo akibonyezwa penye mfupa mbichi anatoa sauti gani, mwanangu? Wewe unaiita wimbo. Alikuonyesha siku ya nne. Alikuonyesha ya tano, ya sita, ya saba. Ulikuwa unatabasamu na kumbonyeza tena! Yule msichana hakusoma darasani kwenu hata siku moja, na alilijua kosa lako siku tano kabla ya kaka yake kuja, akakupeleka mpaka mlangoni pake kwa kidole chako mwenyewe.

Na sasa amegeukia ukutani. Si haya. Amechoka kukueleza.

Nimelia niliposoma hapo, na mimi si mtu wa kulia kwa barua, waulize waliopo hapa ofisini.

Kwa hiyo hivi ndivyo utakavyofanya, na utafanya kabla hujala chochote leo. Utakwenda kwanza kitandani kwake, si kwa Daktari. Ni taya lake. Utapeleka kibao na chaki, na kama hajui kuandika atatikisa kichwa. Utamwambia kwa maneno machache, bila ukungu, kwamba alikuwa na haki, kwamba mfupa wa mbele umevunjika na wewe hukuuona, kwamba unaweza kunyooshwa bado na kwamba itauma tena. Mwache akasirike. Akitaka kukupiga na kibao, kibao ni chake. Kutoka hapo nenda moja kwa moja kwa Daktari Pinto, shika kadi mkononi, mwambie M si M, mwambie na uwongo wa Badiru, vyote kwa pumzi moja kabla hujaanza kutazama nje. Omba usimame mezani wanapolirudisha taya, hata kama ni kushika beseni tu. Kisha panda basi uende Busia kwa kaka yake. Usingoje aje.

Na Jumapili nenda kwa mzee Mangeni. Alikuuliza jina la mwenzako, mjibu. Umeona aibu kwa kile kichuma ukutani tangu uvae koti jeupe, hukusema lakini nimeiona, nami nakuambia kuna kitu vidoleni mwa baba yako ambacho hakuna aliyekufundisha huko. Mwombe akufunge kitambaa machoni, akupe fizi zake na za majirani, ujifunze upi umesahau na upi ungali unatetemeka. Wafundishe na wenzako wanne. Ile herufi M mwifute kwenye kadi zote.

Jina lako hukunipa, nami sitalitafuta. Lakini Jumatatu nina safari. Nitashuka Tororo asubuhi na chupa ya uji wa wimbi, mwepesi, nimekuja kumtazama mgonjwa, kama mwanamke yeyote anavyokwenda kutazama mgonjwa. Nitaketi upande ule wa ukuta ili anione. Kisha nitampa kidole changu, na nitaona anakiweka wapi.

Mama Athieno